Kokteli ya Mchana Keshero

Goma tukisema kokteli tunaweza kumaanisha vitu viwili. Kwanza ni kinywaji cha kuchanganya, pombe kali na maji ya matunda na sukari. Pili ni ile karamu ndogo ya kusimama, inayofuata ndoa au ubatizo, watu wakishika glasi na kusalimiana. Wakati wa vita, kokteli hiyo ya pili ilikuwa na nguvu kuliko yote, kwa sababu usiku haukuwa wetu tena. Kulikuwa na kuvrefe, amri ya kukaa ndani giza likiingia, na mtu aliyetaka kuoza binti yake alipaswa kufanya sherehe jua likiwa juu. Watu walinywa mchana, wakacheza mchana, wakalewa mchana wakiwa wamevaa suti nzito, jasho likiwatoka. Mimi nilikuwa mwanamke wa kuchanganya vinywaji, kwa hiyo kokteli zote mbili ziliangukia mikononi mwangu.

Kazi hiyo nilijifunza katika hoteli moja ya kando ya ziwa, mwaka ule wakimbizi wa nchi jirani walipoingia mjini kama maji ya mto uliovunja kingo. Nyuma yao walikuja wageni wa kila rangi, wa kugawa maharagwe, wa kuchimba vyoo, wa kupiga picha. Jioni walikuja baa na kuagiza vitu ambavyo hatukuwa navyo. Mmoja alitaka majani ya nanaa, mwingine alitaka zeituni ndani ya glasi. Bosi wetu alinisukuma mbele na kusema nitafute njia. Nilitafuta. Waragi, pombe kali kutoka Uganda, marakuja, yaani pasheni, tangawizi ya kusaga, asali ya Masisi, limao. Wageni waliipenda wakaiita Kuvrefe, maana ukinywa glasi ya pili hutoki tena nyumbani. Walicheka sana. Mimi niliporudi nyumbani nilipita kati ya watu waliolala barabarani wakiomba maji tu ya kunywa, na nilinuka tangawizi. Sikuweza kumweleza mtu jinsi ilivyonikera.

Kisha vita vikaja kweli, vya kwanza na vya pili, wageni wakapanda ndege, hoteli ikafunga milango. Nikabaki na kazi ambayo haikuwa na mahali. Lakini watu hawakuacha kuoana. Wakaanza kunitafuta nyumbani, Keshero, wakileta beseni na ndoo. Walitaka vile vitu walivyosikia vinanywewa hotelini, ila walitaka nivitengeneze bila vitu vyenyewe. Waragi ikikosekana, weka kanyanga, gongo yetu ya mahindi. Sukari ikikosekana, weka miwa. Majina nayo yalifuata vita. Bia iliyoongezwa sukre, yaani soda, ili ienee watu wengi, iliitwa Bariere, kama vile vizuizi vya askari barabarani. Kanyanga na asali na limao iliitwa Lesepase, kama ile hati ya kupitia, kwa sababu iliachia njia kooni bila kuuliza swali. Watu walikuwa wanacheka majina hayo na mimi nilikuwa nacheka nao, lakini moyoni nilichoka. Kila sherehe ilikuwa kuombaomba.

Sasa ikafika zamu ya mdogo wangu wa kike kuolewa.

Sisi ni Wakatoliki wa Butembo. Papa, baba yangu, alishuka Goma akiwa kijana, akauza maharagwe, kisha vitenge, kisha misumari na mabati, akajenga nyumba yake Keshero juu ya mawe meusi ya volkano, akaivunjia mawe hayo mwenyewe kwa nyundo mpaka akapata kiwanja cha kupanda migomba. Alikuwa mtu wa kujivuna na kazi yake, na alikuwa na haki. Mdogo wangu akampenda kijana wa familia ya Kiislamu, watu wenye asili ya Maniema, madereva baba kwa mtoto. Baba wa kijana alikuwa dereva wa lori kwenye njia ya kaskazini. Sisi sote tulimwita Muzee, ingawa ndevu zake zilikuwa bado nusu nyeusi.

Mazungumzo ya ndoa yalikuwa marefu. Padri hakukubali, shehe hakukubali, mwishowe wakakubaliana watoto waoane kwa leta, kwenye ofisi ya serikali, na kila nyumba iombe kwa namna yake. Hilo lilipita. Kilichokataa kupita kilikuwa kinywaji. Muzee alisema kwa upole kwamba watu wake hawawezi kukaa kwenye meza yenye pombe. Papa akajibu kwamba kwao Butembo ndoa bila pombe ni matanga, na kwamba wafanyabiashara wenzake hawatatoka mbali kuja kunywa maji. Shangazi yangu, dada yake Papa, ambaye ndiye alikuwa anashika sherehe yote mkononi, akatafuta njia ya katikati: meza upande huu, meza upande ule, beseni lenye pombe na beseni lisilo na pombe, na vitambaa vya rangi mbili ili mtu asipotee. Wote wakanigeukia mimi. Nilisema ndiyo, kwa sababu nani angesema hapana.

Ila mjini hapakuwa na kitu. Barabara ya Walikale ilikuwa imekatwa, ndege hazikuleta mizigo ya namna hiyo, na kanyanga iliyokuwa inauzwa wakati huo ilikuwa imeanza kuumiza watu macho. Papa akasema binti yake hataozwa kwa kanyanga. Waragi ilikuwa Bunagana, mpakani, kwa mfanyabiashara mmoja aliyemjua. Na lori pekee la kuaminika lililokuwa linakwenda Bunagana juma lile lilikuwa la Muzee.

Hebu fikiria aibu ya jambo hilo. Papa alimwomba mukwe wake, Mwislamu wa swala tano, abebe pombe ya ndoa. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sikujua niangalie wapi. Muzee alikuna kidevu, kisha akaniambia mimi, si Papa, kwamba yeye kazi yake ni kuendesha gari. Kitakachokuwa chini ya turubai kitakuwa kazi yangu. Papa akafurahi, akasema huyu ni mutu wa kuelewa.

Tulikwenda salama. Bunagana nilinunua waragi ya katoni, sukari, limao chache, gunia la tangawizi na gunia la marakuja, maana marakuja ya upande ule ilikuwa na maji mengi. Tulilala kwa watu tuliowafahamu. Asubuhi Muzee alikaa kwenye usukani akisoma tasbihi yake wakati mimi na wapakizi tunapanga katoni. Hakugeuka hata mara moja. Nilifunika kila kitu kwa turubai, nikapanga magunia juu, na nikaweka mbele kabisa maboksi ya sabuni ya mtu mwingine tuliyekuwa tunambebea. Nilikuwa nimeshapanga maneno. Wakituuliza kwenye bariere, ni sabuni na matunda.

Mabariere ya kwanza tuliyapita kwa maneno hayo. Askari walichukua marakuja chache, mmoja akachukua kipande cha sabuni, tukaendelea. Nikaanza kupumua. Nilianza hata kuwaza mpangilio wa glasi.

Kalengera tukasimamishwa tena. Ilikuwa mchana mkali, saa ambayo watoto wa shule wanarudi nyumbani kwa kandokando ya barabara. Bariere ile ilikuwa ya askari wengi kuliko kawaida, na kando yake, chini ya hema la kijani, walikuwa wamepanga viti vya plastiki na meza. Askari mmoja mrefu akapanda kwenye kikanyagio, akamwangalia Muzee usoni.

“Nyuma muko nini?”

Mimi nilifungua kinywa kusema sabuni. Muzee akanitangulia.

“Iko sukari, tangawizi, marakuja, sabuni. Na chini iko pombe.”

Alisema hivyo kama mtu anayetaja jina la kijiji anachokwenda. Askari alishtuka kidogo, nafikiri hakuzoea kuambiwa. Akauliza pombe ya nani. Muzee akamjibu ni ya ndoa, mtoto wake wa kiume anaoa, na huyu mama aliye kando yake ni dada wa bibi arusi.

Wakatuteremsha. Turubai likafunuliwa. Komanda wao akatoka chini ya hema, mtu mnene mwenye sauti ndogo, akazunguka lori akagusa katoni moja moja kwa fimbo. Alikuwa anangojea wakubwa wake kutoka mjini na hakuwa na kitu cha kuwapa. Hilo alilisema mwenyewe, kama vile sisi tulikuwa tumetumwa. Akauliza tangawizi na marakuja za nini zote hizo. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba sikufikiri, nikasema ni za kokteli.

“Unajua kuitengeneza?” akauliza.

Nikasema ndiyo.

“Basi utufanyie.”

Hivyo ndivyo nilivyochanganya Kuvrefe, ile ya hotelini, pale Kalengera, kando ya barabara, mchana, katika beseni la plastiki ambalo mtu alikuwa amefulia nguo. Hilo beseni lilinikera kuliko bunduki. Nilikataa kuligusa mpaka lioshwe, na yule askari mrefu akalichukua bila neno akaenda kuliosha kwa majivu na maji ya kisima. Nilitwanga tangawizi juu ya jiwe. Nilikamua marakuja kwa kitambaa changu cha kichwa, kwa sababu hapakuwa na kichujio, kile kitambaa kipya nilichonunua cha kuvaa ndoani. Watoto wa shule walisimama kuangalia mpaka wakafukuzwa. Kila chupa ya waragi niliyofungua niliisikia kama inafunguliwa ndani ya tumbo langu.

Muzee hakukaa karibu. Alichukua kopo lake la maji akatawadha nyuma ya lori, akatandika mkeka wake kwenye majani na akasali adhuhuri pale pale, na askari wakampisha. Alipomaliza alikaa kwenye kikanyagio cha gari akiangalia barabara.

Komanda alionja akasema ni tamu mno. Nikaongeza limao. Akaonja tena, akaonja tena, akamaliza glasi. Wakubwa wake wakafika na gari lao, wakapewa glasi, wakasifu, na mmoja akasema kwa Kifaransa kwamba tangu aondoke mji mkuu hajanywa kitu cha namna hii. Hakuna aliyeniangalia. Nilikuwa nimesimama na mikono inayonata, nzi wananizunguka, na nilitamani kulia kwa sababu kweli ilikuwa imetoka vizuri. Haikuwahi kutoka vizuri namna ile hotelini.

Mwishoni wakateremsha katoni zote. Zote. Niliomba waniachie hata moja, ya kubariki meza ya Papa, na komanda akanijibu kwa sauti yake ndogo kwamba nchi iko vitani. Wakanirudishia kilichobaki cha magunia na sukari yangu. Askari mrefu alininyanyulia gunia la tangawizi juu ya lori na kusema hilo hawana kazi nalo.

Tuliondoka. Lori lilipanda taratibu kuelekea Rugari, likilia kwenye kila kona, na mimi nilikuwa nahesabu kichwani si chupa, bali nyuso: uso wa Papa, uso wa shangazi, wa wale wafanyabiashara wa Butembo. Mwishowe nilishindwa. Nilimwuliza Muzee kwa nini alisema. Nilimwambia nilikuwa na maneno tayari, mabariere mengine yote yalikuwa yameyameza.

Hakukasirika. Alishusha gia kwanza, akavuka shimo, ndipo akasema:

“Mutoto wangu, bale ba bariere za kwanza balikuwa basoda ba njaa. Hawa balikuwa bameweka viti. Mutu mwenye kuweka viti atafunua turubai. Kama ningesema ni sabuni, na bafunue, na bakute pombe, mimi bangenikamatia gari. Weye bangekufanya nini?”

Yeye akaendelea kuangalia barabara, akaongeza kwamba juma lililopita, kwenye bariere ile ile, dereva mwenzake aliyesema uongo juu ya mzigo wake alivunjwa mkono kwa kitako cha bunduki. Mkono wa kulia, wa gia.

Kisha akasema jambo ambalo angeweza kulificha. “Sitakudanganya. Hiyo pombe kwenda, sikuisikitikia.”

Nilimkasirikia na nilimshukuru kwa pumzi moja. Ni vigumu kukaa kwenye kiti kimoja na mtu ambaye una hisia hizo mbili juu yake, barabara yote ile.

Tuliingia Goma jua likiwa linashuka, watu wanakimbilia majumbani mwao. Papa alikuwa nje anafunga kamba za hema la sherehe. Aliangalia nyuma ya lori, akaangalia uso wangu, akaelewa. Nilianza kumweleza kuhusu viti na hema la kijani. Hakuningoja nimalize. Aliuliza jambo moja tu: nani aliyewaambia askari kwamba kuna pombe? Sikuweza kusema uongo mbele ya Muzee, na sikutaka kusema ukweli. Muzee akasema mwenyewe: ni mimi.

Papa alishusha kamba chini. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza.

“Mukwe, ungenikatalia hapa, kwangu, mbele ya watu. Ningekuheshimu. Siyo kwenda kumwaga heshima yangu Kalengera.”

Nilisema, Papa, si hivyo, nisikilize. Akanyoosha mkono ninyamaze, kama nilipokuwa mtoto. Nilikuwa mwanamke mzima, nimetoka kuchanganyia watu wenye bunduki, na niliambiwa ninyamaze. Nikamwangalia Muzee nikitumaini atajitetea, aseme habari ya mkono wa yule dereva. Hakusema. Alimuaga Papa kwa heshima, akapanda gari lake, akaenda zake kabla ya saa ya kuvrefe. Mpaka leo sijui alinyamaza kwa kiburi au kwa huruma. Vyote viwili vilinikasirisha.

Shangazi ndiye aliyetuokoa na ukimya ule. Alifungua magunia, akanusa, akauliza tunaweza kufanya nini na kilichopo. Nikasema tunaweza kufanya kila kitu isipokuwa furaha ya Papa.

Asubuhi, siku ya ndoa, wengine walikwenda kwa leta, mimi nikabaki na wanawake wa jirani. Hatukuwa na frigo, maana kura, yaani umeme, ilikuwa imekatika tangu zamani na jenereta ya jirani haikuwa na mazuti. Tukajaza bido, zile dumu za plastiki, kwa maji ya marakuja na tangawizi na asali na limao na mananasi ya jirani, tukazifunga vizuri, tukashuka nazo ziwani na kuzizamisha kwenye kina kando ya mawe, zikifungwa kwa kamba ya mbuzi. Maji ya Kivu asubuhi ni baridi. Wanawake walivua viatu wakaingia na kanga zao, wanacheka, na ilikuwa saa pekee katika siku zile ambayo sikuwa na hasira. Niliongeza tangawizi kupita kipimo, makusudi. Nilitaka kinywaji kiwe na ukali wa namna fulani, mtu akikinywa ajue amekunywa kitu.

Wageni walipofika, mpango wa vitambaa vya rangi mbili haukuwa na maana tena. Meza zote zilikuwa sawa. Upande wa Maniema walipokea glasi wakanywa, wakanywa tena. Mama wa bwana arusi alinishika mikono akasema Mungu anilipe kwa kuwaheshimu namna hii, kwamba hakutegemea familia yetu ingejinyima kwa ajili yao. Nilijaribu kumweleza kwamba hatukujinyima, tulinyang'anywa. Alitabasamu akidhani ni unyenyekevu. Upande wa Butembo watu walinusa glasi kwanza, wakaangaliana. Rafiki mmoja wa Papa, mfanyabiashara wa mabati, akaniita kando akauliza ile yenyewe iko wapi. Nikamwambia iko Kalengera. Alicheka, akidhani natania.

Baadaye kidogo niliona chupa za maji zinapita chini ya kitambaa cha meza yao, na harufu ya kanyanga ikanifikia nilipokuwa. Kile kile Papa alichokataa. Waliimimina ndani ya kinywaji changu, wakichungulia upande wa wakwe kama wanafunzi. Nilikuwa nimechoka kusema.

Papa alikuwa ameandaa hotuba. Kwa majuma alikuwa anaizungumza peke yake akinyoa ndevu. Alikuwa amesimama, mikrofoni ya betri mkononi, ameshasema neno la kwanza la kuwasalimu wakwe, wakati gari la askari lilipopita barabarani na kipaza sauti. Walitangaza kwamba siku hiyo kuvrefe imeletwa mbele. Kulikuwa na jambo upande wa mlima. Kila mtu awe ndani kabla jua halijashuka.

Jua lilikuwa tayari linashuka. Watu waliinuka wote pamoja. Keki haijakatwa. Mdogo wangu alikaa na gauni lake jeupe katikati ya viti vinavyoanguka, akalia bila kujificha. Wageni wengi walitoka mbali, Birere, Katindo, Himbi, na hakuna teksi ingekubali kuzunguka saa ile. Hapo Muzee akaleta lori lake mpaka kwenye lango. Akafungua nyuma, akashusha kiti cha sherehe kiwe ngazi, akaanza kuwapandisha: wazee wa Butembo na suti zao, mashangazi wa Maniema na mitandio yao, watoto, mfanyabiashara wa mabati akiwa na glasi yangu mkononi ambayo hakuirudisha. Walisimama wameshikana ili wasianguke. Waliokunywa chini ya meza walimshikilia shehe, na shehe aliwashikilia. Lori likaondoka polepole juu ya mawe.

Papa alibaki amesimama na mikrofoni. Nilimkaribia nikamwambia: umeona anachofanya mukwe wako. Akasema amechoka, anakwenda kulala.

Ndoa ilisimama. Mdogo wangu ana watoto wakubwa sasa, wanaokwenda Pasaka kwa upande mmoja na Idi kwa upande mwingine, na wanakula kotekote. Lakini jambo ambalo sikulitegemea lilikuwa hili: watu walikipenda kile kinywaji. Juma lililofuata mtu alikuja kwangu akataka kokteli ya ubatizo, na akasema anataka ile ya Kalengera. Jina likashika. Kalengera kavu ilikuwa isiyo na pombe, na Kalengera yenye askari ilikuwa ile ambayo mtu anajimiminia mwenyewe chini ya meza. Keshero yote ilikunywa Kalengera mpaka vita vikaisha, na hata baada ya hapo. Nilisifiwa. Kila sifa iliniumiza kidogo, kama mshonaji anayesifiwa kwa suruali iliyokosa mguu. Nilijua kutengeneza kitu kamili, na niliwahi kukitengeneza, na walikinywa watu ambao hawakuniangalia usoni.

Papa naye aliichukua hadithi. Miaka ilivyopita alianza kuisimulia kwenye ndoa za wengine, watu wakicheka mpaka wanajifuta machozi: komanda, beseni la kufulia, binti yake anakamua matunda kwa kitambaa. Aliisimulia vizuri kuliko mimi. Katika hadithi yake dereva hakuwa na jina wala sauti, na hakuna aliyesema neno bariereni. Askari walifunua tu. Niliona kwamba alikuwa amemsamehe Muzee kwa kumfuta. Nilimwambia mara nyingi, Papa, mwite, mkae, umwambie neno moja. Alinijibu kila mara kwamba kati yake na mukwe wake hakuna tatizo. Walisalimiana kwenye sikukuu, wakaulizana afya, wakaachana.

Muzee alifariki kwa ugonjwa, kitandani kwake, jambo ambalo kwa dereva wa njia ile ni neema. Tulikwenda matangani. Papa alikuwa anatembea kwa fimbo wakati huo. Alivua viatu mlangoni, akakataa kiti alicholetewa, akashuka kwa taabu mpaka kwenye mkeka kati ya wanaume wa Maniema, akakaa nao dua yote, akala wali na mkono wake. Nilimwangalia kutoka upande wa wanawake. Nilifikiri leo atasema, hata kwa mtoto wa marehemu, hata kwa mjane.

Tuliporudi kwa miguu nilimshika kiwiko kwenye mawe mabaya ya njia yetu. Karibu na nyumbani akasimama kupumzika.

“Yule muzee alikuwa dereva muzuri,” akasema.

Nikangoja. Alipumua, akaangalia upande wa ziwa, akaangalia fimbo yake. Kisha akaniuliza kama nyumbani kumebaki sukari ya chai, au tupite butiki tukanunue.